Ukingoni mwa Karai

Sulabha Dumbre alikuja kwenye kiwanda changu cha sukari guru kuniomba nizime mashine. Nami sijawahi kuzima kitu bure.

"Mjomba, mota yako ya kukamulia miwa inatoa cheche. Yale masahani yetu ya kusikiliza mbingu yanaisikia."

"Yasikie tu. Miwa imeshakatwa, na juisi ikilala inachacha."

"Mwezi mzima wa majaribio nimeandika mlio wako nikidhani ni wa galaksi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba yake alituchimbia visima wilaya nzima. Binti naye anatafuta shimo mbinguni!

Hakucheka. Alipewa siku mbili tu za masahani. Zikiharibika, zamu nyingine ni mwaka kesho, na mkataba wake unaisha Machi.

"Nikizima, napoteza makarai sita ya juisi ya kuchemsha. Napata nini?"

"Nitaifunga upya mota yako, isitoe cheche tena."

"Kwanza nione unachonunua."

Akatandaza picha juu ya gunia. Galaksi kubwa, na katikati yake shimo jeusi: mbegu ya ufuta ndani ya India nzima. Linameza gesi, na lisichomeza linakitema kwa miali miwili mirefu hivi kwamba mwanga wenyewe huchukua miaka laki moja kufika nchani.

"Gesi ikipoa, inajikusanya inakuwa nyota," alisema. "Shimo likiipasha moto, haipoi. Nyota hazizaliwi."

Kitu kidogo vile, kuinyima galaksi nzima watoto!

"Kuni zisipotolewa chini ya karai, sukari haigandi. Basi huko kuna mtu hajatoa kuni," nikasema. "Na ukingoni je?"

"Ukingoni kuna nini?"

"We binti, umekulia huku kweli? Povu likirukia ukingo wa karai linaganda, hata moto uwake vipi."

"Mimi nilipanga kutazama katikati tu, mjomba."

Nikazima. Juisi ilichacha, tukawamwagia nyati wetu wa maziwa.

Siku ya tatu akaja na bisibisi, waya na picha mpya. Kwenye ukingo wa mwali mmoja palikuwa na doa hafifu: gesi baridi, nzito, ile inayozaa nyota. Nikaisogeza picha kwenye mwanga, nikaitazama tena.

Yeye aliongezewa mkataba miaka miwili. Mimi nina mota isiyotoa cheche. Makarai niliyopoteza sasa ni saba: la saba liliungua juzi, nimesimama nikitazama ukingo, nikasahau kutoa kuni.