Uzito wa Gunia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira hizo ndizo zilizonimaliza. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Bomet. Kompyuta zilikuwa mbili tu, moja kwenye mizani ya kupokelea majani na nyingine ofisini. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya ziongee kwa waya. Mama alishatangaza kanisani kwamba mwanawe ni mtu wa mashine.

Kadi za mtandao zilikuwa za bei rahisi, hazikuja na programu ya kuziendesha. Nikaiandika mwenyewe, ndani kabisa ya kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha mashine nzima. Meneja alinipa hadi Ijumaa.

“Kijana, zikikataa kuongea, narudisha zote Nairobi. Na wewe utaenda home.”

Data husafiri kwa pakiti, na kila pakiti ikifika huwekwa kwanza kwenye nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu. Nilikuwa nimesoma kwamba pakiti hubeba baiti elfu moja na mia tano, basi nikatenga nafasi hiyo hiyo, bila kuzidisha hata moja. Kisha nikaanza kupima kikomo, nikituma data na kuiongeza kidogo kidogo. Baiti mia tano zikapita. Elfu moja zikapita. Elfu moja mia nne na themanini zikapita. Nilipoongeza kumi tu, mashine ikaganda kama ugali wa jana.

Nikaiwasha upya, ikaganda tena. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kadi. Siku nne nilizunguka pale pale. Nilimwomba Mungu, halafu nikagombana naye. Nilikata tamaa, nasema kweli, hata chai ya kiwandani ilinikinaisha.

Ijumaa asubuhi nikamwendea meneja.

“Kadi ni mbovu, mzee. Zote.”

“Una hakika?”

“Kabisa.”

Kwa hasira nikatia sahihi karatasi ya kuzirudisha, nikarudisha ufunguo wa ofisi. Kabla ya chakula cha mchana kompyuta zilikuwa juu ya pikapu.

Jioni nilienda kituo cha kununulia majani kumsaidia mama kuuza chai yake. Karani alitundika gunia lake kwenye mizani, akasoma, akatoa kilo moja. Mama akang'aka, kama kila siku.

“Hiyo kilo ni ya nini?”

“Ni ya gunia, mama. Majani haikuji bila gunia.”

Pakiti nayo ina gunia lake: baiti kumi na nne za anwani zinazotangulia data, nazo huingia katika nafasi ile ile. Nilikuwa nimepima majani, nikasahau gunia. Mimi, niliyekua nikisikia ugomvi wa kilo ile kila jioni! Kadi zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa namba moja tu kwenye programu, ile elfu moja na mia tano, na namba hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Pikapu ilishapita Mulot, njia ya Nairobi, tangu mchana.

Mama akanigeukia. “Na zile mashine, zilikuwa na shida gani?”

“Zilikuwa mbovu,” nikasema.

Akawaambia waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni kwamba mwanawe amekataa mashine mbovu za Nairobi. Wakanitazama kwa heshima, mmoja akanipa mkono. Nikakunja gunia tupu, nikatangulia nyumbani.