Baba Alishuka kwenye Baiskeli

Jumapili ile tulichelewa kutoka kanisani kwa sababu ya jogoo. Kanisani kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, asiye na fedha alileta sadaka ya mazao au mifugo, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje. Baba alimnunua jogoo mweusi, akamrudisha mezani anadiwe tena. Akamnunua tena, akamrudisha tena.

"Baba Stefano, mwache huyo jogoo apumzike!" mama mmoja akapaza sauti. "Atakufa kwa kuuzwa!"

Watu wakacheka. Mimi nilinuna, maana nilijua nyumbani kinatungoja kisamvu.

Sisi ni watu wa Chiola, wilayani Nachingwea. Tulivuka mto kwenda kulima ufuta kwa ndugu za baba. Mama akabaki kuangalia mikorosho yetu. Baba alikuwa na mguu mbovu tangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, kwa hiyo kila safari alikaa kwenye keria ya baiskeli, mimi nikisukuma.

Wiki hiyohiyo wakaja watu wenye bunduki.

Sitaeleza yote niliyoyaona kijijini. Ukurasa huo nimeuandika mara nyingi na kila mara nimeuchana, kwa sababu kila neno naliona kubwa mno au dogo mno. La uhakika ni hili: asubuhi moshi ulikuwa upande wa kanisa, na mchana tulikuwa porini tukielekea mtoni, baba amekaa kwenye keria akishikilia kiti.

Njia ilikuwa ya mchanga. Magurudumu yalizama. Milio ya risasi ilisikika nyuma yetu, ikakoma, ikasikika tena karibu zaidi.

Ndipo tulipomkuta mwanamke amekaa kando ya njia. Baadaye aliniambia anaitwa Mwanaisha. Alikuwa amejifungua asubuhi ileile kichakani. Kichanga kilikuwa kifuani pake, na kitenge chake kilikuwa kimelowa damu hadi magotini. Watu walimpita. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa amebeba wa kwake.

"Simama," baba alisema.

"Baba, hapana."

"Stefano. Simama."

Nikasimama. Akashuka mwenyewe, akajishikiza kwenye mti.

"Panda, mwanangu," akamwambia yule mwanamke.

"Na wewe, baba, utatembeaje na mguu huo?"

"Huu ni mvivu tu. Leo utafanya kazi."

Naungama: niliomba akatae. Nilimwomba Mungu, kwa jina la Yesu, mama mwenye mtoto wa saa chache aseme hapana. Hakusema. Alipanda.

Nikamwambia baba tumfiche yule mwanamke kichakani, nitamrudia yeye baadaye. Baba akatikisa kichwa.

"Nimeshatoa," alisema. "Mfikishe mtoni. Mimi nakuja taratibu."

Akavunja tawi, akalifanya fimbo. Niligeuka mara moja. Alikuwa anatembea.

Mtoni palikuwa na mitumbwi. Nilimkabidhi Mwanaisha na mtoto kwa mwenye mtumbwi, nikageuza baiskeli.

Risasi zikalia kwenye njia ileile.

Mwanaume mmoja alitokea mbio porini, akanikamata shati.

"Dogo, unakwenda wapi?"

"Baba yangu yuko nyuma."

"Huko nyuma hakuna anayekuja tena."

Nilimpiga ngumi. Hakunirudishia. Alininyanyua, akanitupa mtumbwini.

Upande wa kwetu wa mto nilikaa ukingoni nikitazama kila aliyevushwa, hadi askari walipotuondoa. Baba hakuwemo. Mpaka leo hakuna aliyeniambia alimwona, akiwa hai au maiti.

Mama alikuja kunipokea stendi ya Nachingwea. Niliposhuka hakunikumbatia. Alitazama mlango wa basi nyuma yangu, akaendelea kuutazama hadi konda alipoufunga. Nikamweleza yote palepale, bodaboda wakigombea abiria pembeni yetu.

"Huyo mwanamke alivuka?" aliuliza.

"Alivuka. Na mtoto."

Alikaza kanga kiunoni. Halafu akasema, "Baba yako alitoa. Sawa. Na mimi je, nani aliniuliza?"



Siku hizi niko Ruangwa, nina kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu. Shule niliiacha mapema. Kuandika nimejifunza kwa kusoma chochote, hata magazeti yanayofungiwa vitumbua. Mwaka huu mzee wa kanisa alinifuata kibandani.

"Kijana, Jumapili ya utoaji tunataka ushuhuda wako. Watu wetu mikono imekuwa mizito."

Nikaandika. Nilisahihisha kila mstari hadi ukapendeza: kanisa, jogoo, mguu, "nimeshatoa". Niliogopa kukosea hata koma. Kisha nikapanda basi kwenda Chiola kumsomea mama.

Alikuwa anapepeta mbaazi. Alisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha ungo.

"Ni nzuri," alisema. "Ila humo ndani baba yako hana mke."

Nilitaka kujitetea, kwamba ushuhuda haupaswi kuwa mrefu. Nikaona aibu kabla sijafungua mdomo.

"Mama, nisiisome?"

"Isome. Alifanya aliyofundishwa na Bwana wake, na mimi Bwana wangu ni huyohuyo. Lakini swali langu nalo ulisome. Usilipambe."

Nilirudi nikaandika upya. Jumapili ilipofika mama alikuja Ruangwa, akakaa upande wa wanawake. Nilisimama mbele nikasoma. Nilipofika kwenye swali lake, hakuna aliyesema amina. Mzee wa kanisa aliinama akitazama viganja vyake.

Mahali fulani kuna mwanamke na mtoto walio hai kwa sababu baba alishuka. Chiola kuna mke aliyebaki bila mume, na hata kaburi la kupalilia hana, kwa sababu hiyohiyo. Naamini alichotoa baba kilimpendeza Mungu. Naamini pia kwamba hakikuwa chake peke yake. Nikakunja karatasi, nikaenda kukaa upande wa wanawake, karibu na mama.