Kaburi Lililopimwa kwa Kitanda

Kwa urefu wa kaka yangu, Maneromango nzima haikuhitaji mtabiri wa hali ya hewa: mvua ikianza, yeye ndiye wa kwanza kuloa. Fundi alimwongezea kitanda mbao upande wa miguuni, na bado vidole vilichungulia nje.

Lori lake la mkaa liliwaka moto barabara ya Morogoro, karibu na Kibaha, yeye na utingo wake wakiwa ndani. Utingo alikuwa kijana wa kijiji cha Janga, mfupi, anamfika kaka kifuani. Chumba cha maiti kulikuwa na miili miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na nyuso hazikuwepo.

Baba mdogo, aliyetulea tangu baba afariki, alikaa kwenye uwanja wa hospitali na mzee wa Janga, baba wa utingo. Wakapeana pole, wakaulizana habari za mihogo. Kisha wakayamaliza wenyewe, kwa adabu kabisa.

"Mrefu wenu, mfupi wetu," alisema mzee wa Janga.

"Basi tuwahi alasiri. Maiti hacheleweshwi."

Nami nikaitikia. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, niliyefaulu baiolojia mpaka mwalimu akakagua karatasi mara mia, nikaitikia. Sikuhisi kitu. Nilikuwa naangalia kandambili za baba mdogo. Ya kulia alikuwa ameivaa kushoto.

Aliyekataa ni mtaalamu kutoka wakala wa serikali wa uchunguzi wa vifo, dada mwembamba mwenye buti nyeupe za mpira.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba. Tumeshagawana, mwanangu. Wewe tupe tu."

"Haigawanywi hivyo, baba. Moto unakunja mwili. Aliyekuwa mrefu anaweza kuonekana mfupi."

"Hata huyu wetu? Alikuwa anainamia nyaya za umeme."

"Hata huyo."

Akaeleza kuwa hawapo pale kuzuia maziko. Kazi yao ni kwamba jicho likishindwa kumtambua mtu, bado arudi kwao, si kwa wengine. Akaomba mate ya mama zao, yapimwe vinasaba.

Mama yetu na mama wa utingo wakakalishwa benchi moja. Mama alikuwa amefunga sunna, akauliza kama kile kijiti cha pamba kitamharibia saumu.

"Hapana, mama. Usimeze tu."

"Nami nimefunga," alisema mama wa Janga. "Fungua kinywa, dada. Kama ni kosa, tumekosa wote."

Wakafungua vinywa kama makinda.

Wiki zikapita. Wageni wa msiba walikula mihogo yetu hadi nikadhani watamalizia na jembe. Niliwasimulia habari za kaka, nikamwongezea kimo kila siku, watu wakacheka, nikacheka nao. Ndani ilikuwa ganzi, kama ile ya kung'olewa jino: unajua shavu ni lako, lakini ukiligusa ni la mtu mwingine.

Tulipoitwa Kibaha, jibu lilikuwa fupi. Mwili mfupi ndio wetu.

"Angalieni tena," alisema baba mdogo.

"Tumerudia, baba. Mtoto wa mama wa Maneromango ni huyu."

Mzee wa Janga akamshika mkono. "Ndugu yangu, hata mimi napewa mwanangu ambaye simjui kimo."

Njia nzima ya kurudi Maneromango baba mdogo alikuwa akigeuka kuutazama mwili, kama anayeupima. Niliogopa atamzika huku moyoni anamhesabu kama mgeni, akiamini mwanawe bado yuko Kibaha.

Kaburi lilikuwa tayari. Kwa kuwa hapakuwa na maiti wa kupima, wachimbaji walikuwa wamepima kitanda. Mwili ulipoteremshwa, miguuni pakabaki nafasi ya kulaza mbuzi.

Mtani wetu, aliyekuwa mle shimoni akimpokea, akainua kichwa. "Nyie, mmetuchimbisha mtaro wa maji. Huyu mtu kaja nusu."

Watu wakacheka kidogo, maana mtani hanuniwi. Kisha mchimbaji akauliza kama wajaze udongo pale miguuni ili kaburi limtoshe. Wote tukamgeukia baba mdogo.

"Acheni hivyo hivyo," alisema. "Mnamjua. Atanyoosha miguu."

Mtani alipotoka shimoni, udongo wa kwanza ulitupwa na baba mdogo.