Mutu wa Maji ya Moto ya Lusangi

Usicheke. Hii sikusimuliwa na mutu. Niliiona kwa macho yangu, na bwana wangu Amisi iko muzima hapa Kasongo, kamuulize.

Dokta mumoja mwanamuke alikuja kutoboa udongo kwenye chemchemi ya maji ya moto, kando ya kijiji cha Lusangi. Miaka mingi alifanya kazi hiyo kwenye meli, wanatoboa chini kabisa ya bahari, kule jua haifiki, wakitafuta viumbe vidogo sana vinavyoishi ndani ya joto kali na giza. Alitaka kujua kama hata kwetu viko. Amisi aliendesha masini ya kutoboa. Mimi nilipika, tena nilimutafsiria Kibangubangu, lugha ya watu wa pale.

Siku moja, muchana, dokta alienda Wamaza kutafuta mazutu, mafuta ya masini. Tulibaki wawili. Mvua ilikuwa imekatika, mvuke umejaa kila pahali. Masini ilikuwa imezimwa. Sasa mbona chuma kilikuwa kinagonga ndani ya shimo? Kinagongwa kutoka chini!

Amisi akasogea, nami nyuma yake. Tukaona mutu amesimama katikati ya maji yale, maji yanayoivisha muhogo, yamemufika magotini. Nguo zake kavu. Mimi sikumujua. Lakini Amisi akaita:

"Yaya Ramazani?"

Ramazani ni kaka yake mukubwa, aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo la dhahabu. Hata maiti yake hatukuipata. Sura yake niliijua vizuri, na ile niliyoiona mimi haikuwa yake.

"Mumegonga sana," yule mutu akasema polepole. "Nimekuja. Amisi, nipe mukono nitoke."

Niamini, sauti ile ilitia huruma. Amisi akanyoosha mukono wa kuume. Nikamukamata kiunoni, nikapiga kelele:

"Si yeye! Mimi naona mutu mwingine!"

"Niache, Mama Zaina! Ni yaya wangu!"

Mikono yao ikashikana. Amisi akaanza kuvutwa, miguu inateleza kuelekea majini, nami navutwa naye. Ningefanya nini? Nikamuuma bega kwa meno yangu yote. Akaruka kwa maumivu, mukono ukachomoka, tukaanguka chali kwenye matope. Tulipoinua macho, maji yalikuwa yanatokota tu.

Dokta aliporudi alitusikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Asubuhi akang'oa vyuma vyake, akaziba shimo.

Mukono wa Amisi haukuungua. Umebaki baridi, baridi ya maiti, mpaka leo. Anaepua nao sufuria motoni, hasikii kitu. Mutoto wetu Zaina akiguswa nao analia, kwa hiyo baba yake anamubeba kwa kushoto.

Lakini si hilo linalonitesa. Kuna siku tunakula, anaacha kula, ananiangalia.

"Na kama ilikuwa yeye kweli?"

Mimi namuongezea chakula.

Wewe unayepita kule, ukimuona mutu wako aliyekufa amesimama ndani ya mvuke, usikimbilie kumupa mukono. Muulize kwanza aliye kando yako anaona nani. Na kama uko peke yako, rudi ulikotoka.