Monowara na Kopo la Moyna

"Monowara, mtu mzima unayeswali swala tano, huoni haya kupita mlango kwa mlango unaomba mavi ya watoto wa watu?"

Swali hilo aliuliza jirani yake Kohinoor, muuza mikate ya mchele, mbele ya wanawake wote waliopanga foleni bombani. Monowara akatua kisanduku chake cha barafu, akafuta jasho kwa ncha ya sari.

"Haya ninayo, dada. Lakini wewe mikate unaiuza tu, hujui inaishia wapi. Mimi niko huko inakoishia."

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Kohinoor mwenyewe alicheka mpaka ndoo yake ikafurika, na kuanzia siku hiyo hakumtania tena, ila kumwekea mkate wa moto kila asubuhi.

Kazi hiyo Monowara hakuzaliwa nayo. Alikuja Mirpur, ndani ya jiji la Dhaka, akiwa bibi harusi, mto ulipokwisha kula shamba la baba mkwe wake, akashona kola za mashati kiwandani mpaka macho yakaanza kumchosha. Ndipo kliniki ya lishe iliyoko mwisho wa mtaa ikatafuta mwanamke anayeaminiwa na akina mama. Aliposikia kazi yenyewe ni kukusanya choo cha watoto kwenye vikopo, aliaga kwa adabu akashika mlango.

"Subiri, dada," akasema Daktari Nahar. "Angalia hapa kwanza, halafu ukatae."

Monowara akainamia hadubini. Akaona kitu kama shamba la mpunga uliosimama vizuri, bua kwa bua.

"Huu ni ukuta wa ndani wa utumbo wenye afya," daktari akamwambia. Kisha akabadilisha kioo. "Na huu ni wa mtoto anayekula lakini hanenepi."

Hapo mpunga ulikuwa umelala chini, kama nyati wamegaagaa juu yake. Monowara alisema Subhanallah, akavua kandambili, akakaa.

Alichoelezwa siku ile hakukisahau. Ukuta ule ni safu moja tu ya seli, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na umejaa vidole vidogo vya kunyonya chakula. Kwenye vibonde vilivyo kati ya vidole wamo seli mama, wanaozaa usiku na mchana. Watoto wao hupanda kidole polepole wakifanya kazi njiani, wakifika nchani wanadondoka, na wadogo zao wameshashika nafasi. Kabla wiki haijaisha, ukuta wote ni mpya. Seli nyingine kazi yao ni kutoa ute wa kuulinda. Na chini zaidi, kwenye utumbo mpana, wanaishi vijidudu wengi kuliko watu wa Dhaka yote. Wanakula tusichoweza kumeng'enya sisi, na kodi wanalipa: mabaki yao ndiyo chakula cha ukuta wenyewe. Mungu amewapa hata umri wao. Mtoto anayenyonya ana wa kwake, na akianza kula wali na samaki wanahamia wengine. Ila mtoto ambaye utumbo wake umeumia, meno yanaota lakini vijidudu vyake vinabaki vya kitoto.

"Na haya yote yanaonekana kwenye kopo?" Monowara aliuliza.

"Habari za vijidudu zote zimo kwenye kopo."

Basi akalichukua kopo, na miaka ikapita akiwa nalo.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, katika watoto aliowafuatilia alikuwemo Moyna, mwenye mwaka mmoja na nusu, mwepesi kama ndege anayeitwa jina lake. Mama yake, Parul, alishinda kiwandani, na mtoto alilelewa na bibi yake, Ambia Khatun, mwanamke wa Barisal, nchi ya mito, mwenye sauti ya kuita kivuko kilicho ng'ambo. Kliniki ilikuwa ikimpa Moyna uji wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, uliochaguliwa makusudi kuwalisha wale vijidudu waliochelewa. Nafasi za uji zilikuwa chache, na watoto waliongoja walikuwa wengi.

Asubuhi moja Daktari Nahar alimwita Monowara huku anatabasamu.

"Moyna amepona! Kopo la kwanza lilikuwa la mtoto mchanga kabisa. Hili la pili lina vijidudu vya mtu mzima mdogo. Alhamisi tunampa mwingine nafasi yake."

Monowara alipaswa kushangilia, lakini jana yake tu alikuwa amezungusha utepe wa kupimia unene kwenye mkono wa Moyna, na utepe ulisomeka manjano, rangi ya mtoto aliyekonda, haukukaribia kijani cha afya. Akasema hivyo.

Daktari akaacha kutabasamu. "Basi utepe na kopo haviafikiani, na kimoja kinasema uongo. Niletee kopo jingine kabla ya Alhamisi. Bila hilo, dada, sina la kuwaambia wenzangu. Uji utakatwa."

Monowara akaenda moja kwa moja kwa Ambia Khatun. Njiani aliwaza. Uji ukikatwa mpunga bado umelala, mtoto atarudi alikotoka. Lakini pia utaanzaje kumwambia mama wa watu kwamba kopo lake lina mashaka? Akasema Bismillah, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu, karibu!" Ambia akampa bakuli la bisi za mchele na chai. Hata hajaketi sawasawa, mwenyeji akamsogelea, macho yanang'aa. "Haya niambie. Walikipenda?"

"Walipenda nini, shangazi?"

"Kile choo! Kilikuwa kizuri, eti? Kigumu, kimeviringika vizuri. Nilikichagua mwenyewe."

Monowara akarudisha bisi bakulini. "Ulikichagua? Kwani vilikuwa vingapi?"

"Viwili. Cha Moyna na cha Tuhin." Tuhin alikuwa mjukuu mwingine, wa mtoto wa kiume, ana miaka mitatu na mashavu kama maandazi. "Cha Moyna majimaji tu, mwanangu, aibu tupu. Madaktari wale ni watu wakubwa. Niwapelekee kile, waseme nyumba ya Ambia hailishi watoto? Kwetu mgeni hapewi mkia wa samaki. Anapewa kichwa! Basi mimi nikawapa kichwa."

Monowara alijitahidi kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka machozi, na Ambia naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Kisha Monowara akamshika mkono.

"Shangazi, kichwa kimefika na wamekisifu sana. Wamesema mwenye kopo hili amepona. Uji wa Moyna wanataka kumpa mtoto mwingine."

Kicheko cha Ambia kilikatika. Akamtazama Moyna aliyekuwa sakafuni anatafuna kamba ya kiatu. "Toba! Nimemnyang'anya mjukuu wangu kwa mkono wangu?"

"Bado, hujamnyang'anya. Tunataka kopo jingine tu, la kwake mwenyewe. Hayo majimaji ndiyo yanayomsemea, shangazi. Ukiyaficha, nani atajua kwamba anaumwa?"

"Leo hii hii! Moyna! Njoo hapa, kipenzi!"

Lakini Moyna, aliyekuwa akiharisha bila kuombwa, siku hiyo alifunga mlango. Walimkalisha kwenye poti, akakaa kama malkia, anapiga makofi. Ambia alimbembeleza, akamwimbia, akamtishia. Kohinoor akaja na mkate wake. Wanawake wa bombani wakaja kuona. Mmoja akasema afunguliwe bomba asikie maji, mwingine akamkemea: "Hiyo ni ya mkojo, wewe!" Barafu ilikuwa inayeyuka kisandukuni, na Monowara anasoma dua kimyakimya. Hajawahi, alisema baadaye, kumwomba Mola jambo dogo hivyo kwa moyo mkubwa hivyo.

Mchana jua limekaza, Moyna akaacha makofi, akakunja uso, akawa mwekundu. Uchochoro mzima ukashusha pumzi.

"Alhamdulillahi!" Ambia akapaza sauti. "Kibaya kabisa! Chukua, mwanangu, kimbia!"

Monowara alikimbia, sari mkono mmoja, kisanduku mkono mwingine. Siku ya Jumatano Daktari Nahar alimwambia kwamba kopo lilikuwa la mtoto ambaye vijidudu vyake ndiyo kwanza wameanza kukua. Uji haukukatwa. Kufikia majira ya baridi Moyna alikuwa akimkimbiza Tuhin uchochoroni, na utepe ukasoma kijani.

Siku hiyo ya kijani Ambia Khatun alitaka kumpikia Monowara samaki mzima, kichwa kikiwa chake, na akaita majirani washuhudie. Monowara aliwatazama wote, wengi wao wakiwa na vikopo vyake nyumbani.

"Samaki nitakula na nitashukuru," akasema. "Ila nawaomba jambo moja. Nikija na kopo, nipeni cha mtoto yule yule niliyemtaja, hata kiwe kibaya namna gani."