Dhahabu Niliyoificha Kwenye Usukani

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Jina langu nalificha kwa sababu Tarime tunajuana, na shemeji zangu ni watu wa kusoma magazeti. Lakini kosa lenyewe nimechoka kulificha. Limenitokea puani!

Mimi ni mnunuzi mdogo wa dhahabu. Siku zile dhahabu ilipolipuka huku kwetu, ulikuwa ukisikia tu kwamba wametoboa mahali fulani, kesho yake kambi nzima imehamia huko na maturubai yake, mama lishe wake na wauza vocha wake. Tunaita rashi. Mnunuzi akichelewa kwenye rashi, anakuta wenzake wameshaondoka na kila kitu. Nilikuwa nimechoka kulala kwenye vibanda vya turubai, navizia watu waoshe mchanga wao.

Ndipo nikalipata lile gari. Mugumu kulikuwa na wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, waliokuja na gari la kuishi ndani. Kitanda kimo, jiko la gesi limo, sinki na makabati, mpaka choo kidogo cha kujibana. Mzee wa watu akaugua, wakaamua kurudi kwao kwa ndege, gari wakaliuza. Nikalichukua mimi. Wachimbaji wakalibatiza jina: Gesti. Nikitokeza tu kwenye kona nasikia, "Gesti imefika!"

Mke wangu, nimwite Mama Ghati, aliipenda Gesti kunishinda. Binti yetu Ghati tulimwacha kwa bibi yake, kule Nyamwaga. Mama Ghati akapanda na sufuria zake, akashona mapazia ya madirisha yote, akaning'iniza mpaka kalenda. Tukawa tunazunguka wawili, leo Tarime, wiki ijayo Serengeti, nyumba yetu iko nyuma ya viti vyetu. Sijawahi kuishi vizuri kama wakati ule. Nakuambia kweli.

Sasa nielewe hapa. Usukani wa Gesti ulikuwa upande wa kushoto, kama magari ya huko kwao. Huku kwetu tunashika kushoto mwa barabara, kwa hiyo nikiwa nyuma ya lori nilikuwa sioni kitu mbele. Aliyeona ni Mama Ghati. Alikaa kiti cha kulia, anachungulia, kisha ananiambia, "Pita Baba Ghati, pita sasa," au, "Tulia kwanza, basi linakuja." Hakukosea hata mara moja. Bila yeye kukaa pale mbele, gari lile nisingelifikisha popote.

Kilichoniharibu ni woga. Kila kambi ilikuwa na habari zake za wanunuzi waliosimamishwa njiani na watu wenye mapanga. Nikawa sipati usingizi. Nilificha dhahabu chini ya godoro, nikaona hapana. Nikaficha kwenye unga, nikaona wezi nao wanakula ugali.

Halafu siku moja honi ikakataa kulia, na fundi wa Mugumu akafungua kifuniko cha katikati ya usukani ili aione. Ndani kulikuwa na eabegi, ule mfuko unaofumuka na kujaa hewa gari likigonga, ukupokee uso. Mimi sikuona cha kupokea uso. Niliona nafasi! Nani atatafuta dhahabu ndani ya usukani?

"Itoe," nikamwambia.

"Mzee, unatoa ya nini? Siku ukigonga ndiyo inayokudaka."

"Uso ni wangu. Wewe itoe, kifuniko urudishe na honi ilie."

Akaitoa. Akanionya kwamba kuna taa itanisumbua. Nikamwambia taa haijawahi kumla mtu. Jamani, mdomo wangu!

Mama Ghati sikumwambia. Nilijidai kwamba asiyejua hawezi kulazimishwa kusema, eti namlinda. Uongo mtupu. Sikutaka kaka zake wajue nina nini. Kila wakituona walikuwa na ng'ombe wa kutibu au bati la kuezeka, na nilijua mke wangu hawezi kuwanyima. Kwa hiyo nilimficha yeye kabla ya kuwaficha majambazi.

Taa ikawaka kweli. Kapicha kadogo kekundu, mtu amekaa na mbele yake kuna duara. Haikuzimika asubuhi wala jioni.

"Baba Ghati, hii nyekundu inasemaje?"

"Inasema ufunge mkanda."

"Mbona nimefunga?"

"Basi haijakuona."

Akacheka. Kila tulipowasha gari alikuwa anauvuta mkanda wake kifuani, anaionyesha ile taa, "Haya, niangalie vizuri." Nami nikawa nacheka naye. Nilicheka!

Siku zikaenda mpaka broka mmoja wa dhahabu, mtu aliyewahi kuendesha watalii, alipoingiza kichwa dirishani kwangu. Akaiona taa. "Kaka, usukani wako umefanywa nini?" Nikamjibu ni nyaya tu. Lakini nikapiga hesabu. Kama huyu amejua kwa kutupa jicho, mwizi naye atajua. Kuanzia hapo nikawa sina shida na eabegi, nina shida na taa. Nilitaka izime, basi.

Hebu fikiria ujinga wa mtu anayempelekea fundi gari, halafu ugonjwa wenyewe anauficha! Nilikuwa natoa dhahabu kwanza, naivaa kiunoni, ndipo naingia gereji. Fundi wa kwanza pale Tarime aliingia chini ya kiti, akachomoa nyaya za njano, akazipuliza kwa mdomo, akazirudisha. Taa ikamtazama vilevile. Wa pili akasema ni betri. Nikabadilisha betri. Taa palepale. Mwingine akabandika plasta nyeusi juu yake, ikadondoka kwa joto siku hiyohiyo.

Nikaenda hadi Sirari kwa kijana wa ng'ambo ya mpaka mwenye kompyuta ya magari. Akachomeka waya wake, akasoma, akanitazama.

"Boss, hii mashine inasema eabegi ya dere haiko."

"Ipo."

"Haiko, boss. Mashine itanidanganya ya nini?"

"Nimekwambia ipo! Wewe futa tu hiyo taa."

Akafuta. Nikatoka pale nikipiga mluzi. Kabla sijaiacha Sirari vizuri, nikazima gari kununua ndizi, na nilipowasha tena, hiyo hapo, nyekundu! Nilipiga ngumi usukani mpaka honi ikalia, watu wakageuka. Nilikuwa na hasira na taa! Yenyewe ilikuwa inasema kweli, mwongo ni mimi, na bado nikaikasirikia.

Mwisho nikapelekwa kwa fundi umeme mmoja Tarime, mtu mzima mwenye asili ya Tanga. Huyu nilimwambia ukweli nusu, kwamba eabegi yangu niliitoa. Akaweka bisibisi chini.

"Bwana, taa hii ikiwaka ujue mfumo mzima umejizima. Si wako peke yako. Hata ule wa upande wa mama hautafumuka."

Nisome vizuri hapo. Aliniambia. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili, mchana kweupe, kwamba mfuko wa mke wangu nao umelala.

"Unaweza kuizima taa?" nikauliza.

"Kuizima au kutengeneza?"

"Kuizima."

Akaiokota bisibisi yake. Kisha akasema, "Haya, gari ni lako. Lakini mwambie mama." Akaunganisha waya wa ile taa na wa taa ya oili, ikawa inawaka ukiwasha gari na kuzimika injini ikishika, kama gari zima lisilo na tatizo.

Nilipomchukua Mama Ghati sokoni akapanda, akavuta mkanda, akatazama mbele. Taa hamna. Akapiga makofi. "Basi leo imeniona!"

Hapo ndipo pa kumwambia. Fundi alikuwa ameshanipa mpaka maneno. Nikaingiza gia.

Tulikuwa tunakwenda Nyamwaga kumwona mtoto. Mchana, barabara ya vumbi, hakuna lori wala basi. Ng'ombe wakatoka ghafla kwenye mahindi, kundi zima, wanakimbia. Nikakata kona kuwakwepa, Gesti ni nzito, ikaenda ikagonga ukuta wa kalavati. Sauti yake hata leo mtu akidondosha sufuria naisikia.

Mimi mbavu ziliuma. Kifuniko cha usukani kilikuwa kimepasuka, na vipakiti vyangu vya dhahabu vikamwagika mapajani, vingine chini kwenye pedeli.

Sasa naomba nikuambie kitu ambacho sijamwambia kasisi, wala baba yangu, wala askari aliyekuja kupima ajali. Mikono yangu ilikwenda kwenye dhahabu kwanza.

Niliinama, nikaokota. Nikaingiza mkono mpaka chini ya pedeli. Nilikuwa nahesabu! Nilipoinua kichwa, Mama Ghati alikuwa ananitazama. Mkanda ulikuwa umemshika kifua, lakini uso ulikuwa umekwenda kwenye dashibodi. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni, na jicho la kulia sikuliona. La kushoto lilikuwa wazi, linanitazama mikononi.

Mwenye ng'ombe ndiye aliyenizindua. Alifika anakimbia na fimbo yake, akachungulia, akapiga kelele, "Mura, kijana! Mke wako huyo! Unaokota nini?"

Ni yeye aliyemfungua mkanda. Si mimi.

Taya la Mama Ghati lilifungwa kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Jicho madaktari walihangaika nalo, siku hizi anaona kivuli tu upande huo. Nilikaa naye hospitali, na nilimwambia yote: usukani, taa, yule fundi wa Tanga. Usinisifu! Nilimwambia wakati hawezi kufungua mdomo. Nilichagua siku hizo makusudi, nisijibiwe. Alisikiliza, akageukia ukutani.

Alipotoka, kaka zake walimchukua wakampeleka kwao Morotonga. Walisema apumzike kidogo. Kidogo ikawa miezi. Gesti niliiuza kama skrapa, dhahabu ikaishia kwenye matibabu, na sikununua nyingine. Na majambazi niliowaogopa kiasi kile sikuwahi kuwaona hata mmoja!

Nikaenda Morotonga na baba yangu mdogo. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nataka kutukanwa.

"Shikamoo baba," nikamwambia mkwe wangu.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mungu amewaokoa."

Shemeji mkubwa akaja akanishika bega. "Shemeji, ajali ni ajali. Ng'ombe wa watu wale hawachungwi, tulishasema." Wakanichinjia kuku. Wakaninawisha mikono! Mikono hii! Nikaelewa kwamba Mama Ghati hajawaambia kitu. Si taa, si usukani, si nilichokuwa naokota. Kila kipande cha kuku nilikigeuza tu sahanini, na wao wanasema, "Kula shemeji, umekonda."

Baadaye wakatuachia nafasi, tukakaa wawili nje ya jiko la mama yake. Taya lilikuwa limeshafunguliwa, anaongea polepole, neno moja moja. Nilipiga magoti. Nikamwambia anitukane, awaite kaka zake wanipige, afanye lolote lile.

Akanitazama kwa jicho lake zima.

"Baba Ghati, mimi si ndiye nilikuwa nakuonea njia?"

"Ndiyo."

"Basi ungeniambia. Ningeendelea kukuonea. Lakini ningejua kuna hatari, ningechagua mwenyewe kukaa pale."

Nikangoja aseme na lile jingine, la mikono yangu. Hakulisema. Akanyanyuka akaenda kuchochea moto, na aliponiaga mlangoni aliniagiza nimsalimie Ghati, nimwambie mama anakuja. Hakusema anakuja wapi. Nyumbani kwangu hajarudi mpaka leo, na sina uso wa kumwomba.

Kwao wananisubiri kama mkwe mwema. Yeye amenifichia, na siri yake inanila kuliko ile yangu. Ndiyo maana nimeamua kuisema mimi, hapa, mbele ya watu nisiowajua, mpaka nitakapopata moyo wa kuisema mbele ya wale wanaonichinjia kuku.

Ndugu yangu mwenye gari, taa ya eabegi ikiwaka usiibandike plasta, usiizimishe kwa ujanja wa waya. Itengeneze. Na kama leo huna uwezo wa kuitengeneza, na huwezi kuacha safari, basi angalau kabla hujawasha, mgeukie aliyekaa kiti cha pembeni umwambie kwa mdomo wako: upande wako hakuna kitakachokupokea. Mwache achague kushuka.