Siku Tuliyokula na Mlembe

Mtu akitikisa kiberiti karibu nami, hata kama ni mama tu jikoni anayetaka kujua kama njiti zimebaki, mimi husimama na kuangalia juu. Wageni hunishangaa. Ndivyo anavyolia mlembe, yule ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayewaita watu akawaonyeshe asali. Cha-cha-cha-cha! Kiberiti kinatikiswa mtini. Leo kazi yangu ni kupiga picha za ndege, na lenzi ndefu sina. Wapo wenzangu wanaobeba lenzi ndefu kama mchi wa kinu. Nawasalimia kwa heshima, kisha naenda zangu kukaa chini karibu na ndege wangu. Nilijifunzia nyumbani, upande wa Kithyoko, nikiwa darasa la tano, na niwaambie bila kuficha, mwalimu wangu wa kwanza alikuwa aibu.

Shule yetu ilitaka kubandika picha za ndege wa kwetu ukutani siku ya wazazi. Mwalimu wa mazingira alitoa sharti moja tu, jicho la ndege lionekane. "Ndege bila jicho ni jani," alisema. Darasa zima lilijua nitaleta picha, kwa sababu nilikuwa nimelitangazia mimi mwenyewe, tena nimesimama juu ya dawati. Shangazi Ndinda, dada yake baba, alikuwa akishona nguo katika kiwanda kule EPZ Athi River, na wiki hiyo alikuwa amekuja likizo na kamera ndogo ya mfukoni, ya dijitali, yenye kioo cha kutazamia picha. Alikubali kuniazima mpaka Jumapili, kisha arudi nayo kazini na kunioshea picha huko kwenye karatasi. Basi nilikuwa na siku chache na mdomo mkubwa.

Nilianza kwa kunyemelea. Kulikuwa na kwezi chini ya mgunga nyuma ya nyumba, wale wenye mgongo wa buluu unaong'aa na tumbo la rangi ya kutu. Nilitambaa kwa tumbo juu ya miiba na mavi ya mbuzi, pumzi nimeibana, kamera mbele. Nikikaribia tu, prrr, wameenda. Hondohondo alinisubiri kidogo kwenye ua, akageuza mdomo wake mkubwa upande huu na upande ule kama mtu anayesikiliza upuuzi, naye akaenda. Nikajiambia ndege hawaogopi mbuzi. Nikajifunika leso ya mama, nikainama, nikajipenyeza katikati ya mbuzi wetu malishoni. Ndege hawakushangaa sana. Mbuzi ndio walioshangaa, na beberu akanipiga kichwa matakoni nikaanguka juu ya kamera.

Jioni shangazi alizitazama picha zangu moja baada ya nyingine.

"Mumbua, hii ni ndege ama ni nzi imekaa kwa kioo?"

"Ni kwezi, shangazi."

"Kwezi gani? Mimi naona mbingu na kidoa. Hii nayo? Aiya! Hapa umepiga goti lako."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, sikatai. Nililia kwa sababu nilishaiona siku ya wazazi ilivyokuwa inakuja. Nisingepata jicho kufikia Jumapili, ningesimama mbele ya ukuta usio na kitu changu, na wale niliowapandia dawati wangenikumbusha mpaka darasa la nane.

Asubuhi ya Jumamosi mlembe alikuja mwenyewe. Alitua kwenye mti wa karibu na zizi na kuanza kelele zake, akirukaruka, akifungua mkia ili ule weupe wa pembeni uonekane. Baba alikuwa akinoa panga. Aliinua kichwa, akapiga mluzi kumjibu, akachukua panga, ndoo na kijinga cha moto. Nami nikachukua kamera.

Sasa hapo lazima niwaeleze jambo. Kwetu kazi ya nyuki ilikuwa ya wanaume. Msichana alikula asali, aliichuja, alisaidia kutengeneza nta, lakini kwenye nyuki wenyewe hakupelekwa. Baba alinitazama, akaitazama kamera, akatikisa kichwa. Shangazi ndiye aliyenisaidia, akiwa bado anapiga mswaki mlangoni.

"Kaka, si umpeleke tu. Huyu mtoto akibaki hapa atalia hadi mbuzi zikose maziwa."

"Na nyuki zikimuuma?"

"Akiumwa atalia juu ya kitu ya maana."

Tukaenda. Mlembe aliruka mbele, akatua, akatungoja, akatuita tena. Baba alimjibu kwa mluzi na kwa kugonga miti kwa mpini wa panga, ko-ko-ko, ili ajue tupo nyuma. Hatukunyemelea hata kidogo. Tulikwenda kwa kelele, tukivunja vijiti, Baba akimsemesha kwa Kikamba kama anavyomsemesha jirani, na ndege hakuogopa. Hapo ndipo kitu kilipoanza kunifungua akili. Ndege hamwogopi anayepita wazi. Anamwogopa anayetambaa, maana anayetambaa ni paka. Siku zote zile nilikuwa nimejifanya paka halafu nikashangaa ndege wanapokimbia!

Nyuki walikuwa kwenye uwazi wa mti mkubwa chini ya kilima. Baba aliniweka mbali kidogo, akafukiza moshi, akaingiza mkono. Ndiyo, niliumwa sikioni, na sikulia. Alitoa masega mazito, mengine meupe, mengine ya rangi ya chai, akayapanga ndooni. Kisha akachagua sega moja zuri, lenye nta nyingi na watoto wa nyuki, akaliweka juu ya jani kwenye jiwe. Hiyo ni haki ya mlembe. Ukimnyima, watu husema, safari ijayo atakupeleka kwa chatu.

Nikachuchumaa karibu na lile jiwe, kamera tayari.

"Twende," Baba akasema.

"Baba, ndiyo anakuja! Si nimpige picha?"

"Hapana. Tukimwekea, tunaondoka. Mgeni hatazamwi akikula. Wewe ukikaliwa hivyo na mtu akikuhesabia matonge, utameza?"

Niliona Jumapili ikinifikia pale pale. Ndege alikuwa tawini juu yetu, jicho analo, mimi nimekaa hatua chache kutoka chakula chake, na adabu ndiyo iliyosimama katikati. Nikamwambia Baba yote, dawati, mwalimu, jicho, ukuta. Nilisema haraka haraka na machozi yakinitoka, sikio likiwa limevimba kama andazi. Baba aliangalia ndege, akaangalia ndoo.

Halafu akakaa chini kando ya jiwe, akanyoosha miguu, akachukua sega kutoka ndooni na kulivunja.

"Basi tutakula naye," alisema. "Mgeni akila na mwenyeji, haoni haya."

Akaanza kula. Nilikuwa sijamwona Baba akila asali kwa muda mrefu, na nilidhani ni vile mpishi anavyochoshwa na harufu ya chungu chake. Alikula polepole, akitafuna nta na kuitema kando, akitazama mbele kwenye kilima kana kwamba hakuna aliyemngoja. Nami nikakaa kitako, mgongo kwa jua, viwiko juu ya magoti ili mikono isitetemeke, kimya. Mlembe alishuka tawi moja, akashuka jingine. Baba alikata kipande cha pili akaendelea. Kipande cha tatu kilipokuwa mdomoni mwake, ndege alitua juu ya jiwe, karibu kiasi kwamba nilisikia kucha zake, akapiga mdomo wake mfupi kwenye nta.

Nilibonyeza. Akainua kichwa, akanitazama moja kwa moja, nikabonyeza tena. Hiyo ya pili ndiyo.

Shangazi hakucheka jioni hiyo. Alisema tu, "Ai, Mumbua," na kuirudia picha tena na tena. Jicho jeusi, ng'aa! Na ndani ya jicho, ukitazama vizuri, kuna kitu kidogo chekundu, nacho ni shati la Baba. Mama peke yake hakufurahi. Alimtazama Baba ndevuni, mlimokuwa na nta, akauliza, "Umekula?" Baba akasema, "Kidogo." Mama akatua sufuria kwa kishindo na hakumsemesha tena. Nilijua ni kwa sababu msichana amepelekwa kwenye nyuki. Kesho yake Baba hakwenda kanisani, tukaambiwa amechoka, nami nikamsindikiza shangazi stendi nikiimba.

Picha ilibandikwa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na nasema hivyo bila haya, kwa sababu hata leo sijapiga nyingi za kuishinda. Tangu hapo nimekaa chini kando ya korongo, mdiria, bundi, wote, nikiwapa muda na nafasi yao, na nimekuwa nikijisifu kwamba siri hiyo niliigundua mwenyewe.

Hivi majuzi nilimpeleka Baba kliniki mjini Machakos, maana miguu yake imeanza kufa ganzi. Muuguzi akamuuliza aliambiwa lini ana ugonjwa wa sukari.

"Huyu akiwa darasa la tatu," Baba akasema, akinionyesha kwa kidole. "Hapo ndipo nilikatazwa hata chai tamu."

Darasa la tatu. Tulipotoka nje, tukaketi kwenye benchi.

"Baba. Na ile asali ya mlembe?"

Alifikiri kidogo, kisha akacheka kwa sauti, mpaka watu kwenye foleni wakageuka.

"Sasa nani angekula na yeye?" akasema. "Wewe mikono ilikuwa imeshika kamera."